Maswali ya Wasomaji: Mnavu wa Bibi, Chipsi za Wajukuu

Barua nne za mwezi huu, kutoka Dar es Salaam, Morogoro, Mombasa na Nairobi, zimegongana mahali pamoja bila waandishi wake kujuana. Kila mmoja anauliza jinsi ulaji wa mzee unavyofika, au unavyoshindwa kufika, kwa mtoto na mjukuu. Nimezifupisha bila kugusa maana, na majina nimeyaacha kama waandishi walivyoomba.

Swali: Ndugu mshauri, salaam. Mama yangu mzazi amekuja kutoka Lushoto kukaa nasi miezi mitatu. Ana umri wa miaka 74, hana presha wala kisukari, na anapanda ngazi za nyumba yetu bila kushika ukuta. Kila asubuhi huagiza mnavu, majani ya maboga au majani ya kunde sokoni, na jioni hutupikia kwa ugali wa dona. Wanangu, wa miaka tisa, sita na mitatu, wanasusa. Juzi yule wa kati aliuficha mnavu chini ya ugali, na alipoulizwa akasema haya ni majani ya mbuzi. Mama alinyamaza, lakini niliona imemuuma. Wamezoea sembe, chipsi mayai na soda. Mimi nafanya kazi mjini, narudi saa mbili usiku, na mara nyingi ninakuwa nimeshakula chochote njiani. Baba yangu alifariki kwa matatizo ya kisukari, na mwaka huu nimeambiwa sukari yangu imepanda, ingawa haijafikia ugonjwa. Nifanyeje ili watoto wapende chakula cha bibi yao kabla hajaondoka? Na je, dona ni bora kweli kuliko sembe, au ni mazoea ya wazee tu?
*Mama wa watoto watatu, Tabata, Dar es Salaam*

Jibu: Dada yangu, pole kwa habari ya sukari, na hongera kwa kuwa na mama anayekushinda kupanda ngazi. Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye maneno uliyoyapitia haraka, kwamba unarudi saa mbili ukiwa umeshakula. Nitayarudia, lakini kwanza tuanze na watoto.

Ulimi wa mtoto huanza kufundwa mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 2001, mtafiti Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu wajawazito na juisi ya karoti. Baadhi yao waliinywa katika miezi ya mwisho ya ujauzito, wengine wakati wa kunyonyesha, na kundi la tatu likabaki na maji matupu. Watoto walipofika umri wa kulishwa, wakapewa uji wenye ladha ya karoti, wale ambao mama zao walikunywa juisi hawakuukunjia uso kama walivyofanya wale wa kundi la maji. Ladha ya anachokula mama hupita katika maji yanayomzunguka mtoto tumboni, kisha hupita katika maziwa, hata mtoto anapopewa kijiko cha kwanza huwa tayari ana chakula anachokitambua. Wewe ulianza kuonja mnavu kabla ya kuzaliwa, huko Lushoto. Wanao walianza kuonja cha mjini. Silaumu, maana mimba za mjini wengi tunazilea kwa kile kinachouzwa karibu na kituo cha daladala, lakini inaeleza kwa nini kinachokupa wewe hamu kinawapa wao mashaka.

Jambo la pili ni umri. Kati ya miaka miwili na sita hivi watoto wengi hukiogopa chakula kigeni, na chungu hukiogopa zaidi, kwa kuwa ndimi zao huusikia uchungu kwa ukali kuliko zetu. Huyo wa miaka sita hajamtukana bibi yake, amesema alichokisikia mdomoni, ingawa ni haki afundishwe namna ya kukisema. Tafiti nyingi kuhusu watoto wa umri huu zinaonyesha kwamba chakula kilichokataliwa huanza kukubalika baada ya kuonjwa mara nane, kumi, hata kumi na tano, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu. Kuonja maana yake ni kipande cha kutosha ncha ya kijiko, basi. Piga hesabu: mnavu ukiwa mezani mara mbili kwa wiki, miezi mitatu ya mama yako inatoa nafasi zaidi ya ishirini. Muda unao.

Kitakachoharibu hesabu hiyo ni lile neno letu la kila siku, "maliza mboga nikupe soda." Mtoto husikia humo kwamba mboga ni adhabu na soda ni tuzo, na huikumbuka tuzo mpaka utu uzima. Kumshika kichwa na kumlisha kwa nguvu ni kubaya zaidi. Wewe na bibi amueni kitakachopikwa na saa ya kula, mtoto mwachieni aamue atakula kiasi gani kati ya vilivyopo, na kisiletwe chakula cha pembeni cha kumbembeleza. Akila ugali na maharage tu leo, hatakufa. Kesho mnavu utakuwepo tena, bila hotuba.

Kisha mpunguzieni uchungu. Mwombe mama auchanganye mnavu nusu kwa nusu na mchicha, aungie karanga zilizosagwa au maziwa, na kila wiki mchicha upungue kidogo. Karanga, tui na mafuta kidogo vina kazi nyingine pia, kwa sababu vitamini A iliyomo katika mboga za kijani haifyonzwi vizuri pasipo mafuta. Kuuchemsha mnavu na kumwaga maji kunaondoa uchungu kweli, lakini vitamini C na folate nyingi huondoka na maji hayo, na magadi, ambayo bibi zetu wengi huyapenda kwa kulainisha mboga, huziharibu vitamini na kuongeza sodiamu katika chakula. Hapo unaweza kumshauri mama kwa adabu. Akikujibu kwamba ameyatumia miaka sitini, mwambie mpike sufuria mbili siku moja, mlinganishe.

Dawa iliyofanya kazi nyumbani kwangu haikutoka kwenye utafiti wowote. Mwanangu alikigomea kisamvu hadi jioni moja shangazi yake alipomkabidhi mchi na kumwambia atwange mpaka yeye aseme basi. Alitwanga, akatapakaza nusu sakafuni, jasho likamtoka, na mboga ilipoiva alikuwa wa kwanza kudai bakuli, akiwaambia wenzake kwamba hicho ni kisamvu chake. (Kisamvu lazima kitwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu, kwa kuwa majani ya muhogo yana sianidi ambayo huondoka kwa njia hiyo, wazee walijua kazi hiyo kabla ya kujua jina la sumu yenyewe.) Mpe huyo wa miaka sita ungo, akae karibu na bibi, achambue: jani laini huku, bua gumu kule. Wa tisa akate vitunguu. Wa mitatu aoshe, hata kama ataloa. Wakati mikono inachambua, bibi atasimulia mnavu wa shambani ulivyochumwa, na hadithi hiyo huifikisha mboga mdomoni upesi kuliko maelezo yoyote juu ya vitamini.

Kuhusu kula sinia moja, naupenda utaratibu huo kwa sababu mtoto humwona mkubwa akila kile anachokiogopa yeye, na kuiga ndiyo shule yake. Ila huyo wa miaka mitatu apewe na bakuli lake. Sinia haioneshi nani amekula tonge mbili na nani amekula kumi, na mwenye mkono mdogo ndiye anayeshindwa mbio. Nyama nayo isisubiri wakubwa waridhike.

Sasa dona. Mama yako yuko sahihi, lakini kwa masharti. Mahindi yanapokobolewa huondolewa ganda la nje na kiini, na ndani ya hivyo ndimo ulimo sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, madini ya chuma na zinki, vitamini za kundi B na mafuta. Sembe inayobaki ni wanga mweupe kwa sehemu kubwa. Viwanda vikubwa vinarudishia baadhi ya virutubishi kwa kurutubisha unga, na ni vizuri kuangalia alama yake kwenye mfuko, lakini mashine nyingi za mtaani hazifanyi hivyo. Sharti la kwanza ni usafi wa mahindi. Ukungu unaotoa sumukuvu huota kwenye mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa yakiwa na unyevu, na sumu hiyo hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, yaani kwenye kile kile kinachoifanya dona iwe bora. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Kwa hiyo nunueni mahindi makavu, myachague kwenye ungo kama mchele, mtupe yaliyovunjika, yaliyobadilika rangi na yaliyotobolewa na wadudu, ndipo myapeleke mashineni. Sharti la pili ni kusaga kidogo kidogo, kwa sababu mafuta ya kiini huufanya unga wa dona uingie uchungu ukikaa, na wengi wanaodai hawapendi dona walionja iliyozeeka. Anzeni kwa kuchanganya na sembe nusu kwa nusu. Na kwa upande wako, dada, dona si dawa ya kisukari. Ni wanga bado, na ukubwa wa tonge lako unahesabika: ugali ujaze robo ya sahani, mboga zijaze nusu yake.

Narudi kwenye saa mbili usiku. Mama yako amebeba ulaji wake kutoka Lushoto mpaka Tabata, wanao wako tayari kuiga, na katikati yao kiti kiko wazi. Mtoto wa miaka tisa anaona bibi anakula mnavu, kisha anaona mama, ambaye ndiye anayemuota kufanana naye, anaingia na harufu ya chipsi. Atafuata kipi? Sikwambii uache kazi. Ila zipo Jumamosi na Jumapili, na ipo asubuhi: uji wa ulezi wa saa kumi na mbili na nusu, wote mkiwa mezani kwa dakika kumi na tano, unatosha kuanzia. Jioni waambie wakuachie mnavu wako kwenye bakuli, ule wakikuona, hata kama ni vijiko vitatu. Chipsi zisifutwe, zipewe siku yake, tuseme Ijumaa, na zikifika zisisemwe vibaya.

Jingine kabla mama hajaondoka: simama naye jikoni ukiwa na daftari. Ukimuuliza karanga kiasi gani atakujibu "za kutosha," basi chukua kikombe upime za kutosha ni ngapi. Majani ya maboga yanamenywaje nyuzi zake, bada, yaani ugali wa muhogo, inasongwaje isiwe na madonge, mboga gani hukaushwa kwa ajili ya kiangazi. Yeye hajaandika popote, na wewe ndiye mwanafunzi wa kwanza kabla ya hao watatu. Kipimo cha sukari rudia kama kliniki ilivyokupangia.

Swali: Mimi ni mzee wa miaka 71. Mke wa mwanangu amemkataza mke wangu kumpa mjukuu wetu wa miezi mitatu maji, asali na uji mwepesi, akisema ndivyo alivyofundishwa kliniki. Sisi tumelea watoto saba kwa njia hiyo hiyo na wote ni wazima. Mnasema kila siku tuwarithishe vijana chakula cha asili, lakini tukirithisha tunazuiwa mlangoni. Je, huu si utovu wa adabu?
*Babu, Morogoro*

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Nitakujibu bila kuzunguka kwa sababu umeuliza bila kuzunguka. Kwa jambo hili mkweo ana haki, na naomba umtetee mbele ya mkeo.

Shirika la Afya Duniani na wizara zetu za afya wanaelekeza kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, bila hata maji, isipokuwa dawa alizoandikiwa, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Maziwa yana maji ya kumtosha hata katika joto la Morogoro. Kila kijiko cha maji au uji kinachoingia kabla ya wakati kinachukua nafasi ya maziwa katika tumbo dogo sana, na mara nyingi kinaingia na vimelea vya kuharisha. Asali ndiyo nzito zaidi. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo kwa mtu mzima hupita bila madhara, lakini ndani ya utumbo wa mtoto mchanga huamka na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumulia. Mtoto asipewe asali kabla ya kutimiza mwaka mmoja, iwe ya nyuki wadogo au wakubwa.

Kuhusu watoto wako saba, nafurahi kwamba wote wako hai. Lakini mzee wangu, wewe na mimi tumekulia vijiji vyenye makaburi madogo mengi, na hakuna aliyekuwa akiandika kilichowaua wale. Tunaowataja kama ushahidi ni waliopona.

Adabu ni suala jingine. Kama mkweo alisema kwa ukali, mwanao amkumbushe namna ya kuzungumza na mama mkwe. Alichokisema kibaki.

Na usidhani mlango umefungwa. Baada ya miezi mitatu mingine mjukuu atahitaji kitu ambacho huenda mkeo anakijua na mkweo hakijui, nacho ni kimea. Ulezi unalowekwa usiku mmoja, unachujwa, unafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uote vijimea, unaanikwa juani ukauke kabisa, kisha unasagwa. Ukipika uji mzito wa kusimamisha mwiko, uuache upoe kidogo, utie kijiko cha unga wa kimea na kukoroga, uji huo hulegea mbele ya macho yako ndani ya dakika chache, kisha unaurudisha motoni uchemke tena. Kuotesha nafaka kunazalisha vimeng'enya vinavyokatakata wanga. Faida yake ni kwamba tumbo la mtoto ni dogo, na uji tunaoulegeza kwa maji humjaza maji. Huu uliolegezwa kwa kimea unabeba unga mwingi katika bakuli lile lile. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi hiyo iliandikwa kisayansi na watafiti, wakiwamo wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, lakini vibibi vya mikoa yetu vilikuwa vimeshaimaliza zamani jikoni. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta takriban watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, kwa hiyo uji unaoshiba virutubishi si jambo dogo.

Mkeo ampe mkweo kimea, na mkweo ampe mkeo tahadhari mbili. Ya kwanza ni ile ya unga wa lishe unaochanganywa nafaka tano, karanga na soya mbichi, vyote vikasagwa pamoja: soya isiyopikwa vizuri huzuia mwili kuyeyusha protini, na karanga moja iliyooza hutia sumukuvu mfuko mzima. Nafaka moja inatosha, karanga zisagwe mbali na kwa kuchaguliwa, na dagaa, yai, au maharage yaliyopondwa viongezwe wakati wa kupika. Ya pili ni chai. Mjukuu asizoezwe chai ya rangi pamoja na chakula, maana huzuia mwili kufyonza madini ya chuma ya mboga na maharage. Kipande cha chungwa au papai kitamfaa zaidi, kwa kuwa kinafanya kinyume chake.

Swali: Nina umri wa miaka 26. Nyanya yangu alikuwa na sukari, mama anayo, na mjomba amekatwa kidole cha mguu kwa sababu yake. Ramadhani kwetu ni kaimati, mahamri, viazi karai, tambi za sukari na sharubati. Je, ugonjwa huu uko damuni mwetu, nami niusubiri tu?
*Kijana, Mombasa*

Jibu: Usiusubiri, kijana wangu. Kisukari cha ukubwani, kile cha aina ya pili, kinarithiwa kwa njia mbili, na watu huizungumzia moja tu. Ipo ya damu, ambayo huwezi kuichagua. Na ipo ya sufuria: watu wa nyumba moja hula kutoka bakuli moja la sukari, kwa kijiko kile kile, miaka thelathini, kisha wakiugua husema ni damu.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na sharubati, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, na linaona bora ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Chupa ya soda ya mililita 300 peke yake huwa na gramu 30 hivi. Weka juu yake chai tatu za vijiko vitatu vitatu, halafu kaimati zilizolala kwenye shira, uone siku imefika wapi kabla ya tambi.

Nisingependa hata hivyo kusikia umemwambia mama aache kupika kaimati. Chakula cha Ramadhani kina kazi zaidi ya kushibisha, na mama mgonjwa anayeambiwa mapishi yake ndiyo yaliyowaua watu ataumia bure. Futuruni kwa tende na maji, msali, kisha kianze chakula chenyewe, na hapa pwani yetu ina utajiri ambao watu wameusahau kwa sababu ya vitamu: mbaazi za nazi, kunde, samaki wa kupaka, mchicha wa nazi nyepesi, uji wa mtama. Kaimati zije mwisho, tatu kwa kila mtu, shira ikiwa imepakwa badala ya kumwagwa. Sharubati iyapishe maji ya kunywa yenye ndimu. Viazi karai viwe vya siku mbili kwa wiki. Baada ya tarawehe rudini nyumbani kwa miguu. Mama, kama anatumia dawa au sindano, aonane na daktari wake kabla ya mwezi kuandama ili ajue kama anafaa kufunga na namna ya kubadili saa za dawa.

Wewe kapime sasa, ukiwa mzima. Na siku ukioa, angalia ni vijiko vingapi vinaingia kwenye chai ya mtoto wako wa kwanza, kwa kuwa ulimi uliozoea vitatu huona viwili ni chai ya mgonjwa.

Swali: Tunaishi ghorofa ya pili, Nairobi. Mama yangu, akitutembelea kutoka Kisii, hutuletea managu, na yakiisha tunarudia sukuma wiki. Mwanangu wa miaka minane anataka kuyapanda. Inawezekana bila shamba?
*Baba, Nairobi*

Jibu: Inawezekana, ndugu yangu, tena upo mahali pazuri pa kuanzia. Managu yenu ndiyo mnavu wa yule dada wa Tabata. Kenya imefanya kazi kubwa katika kuzirudisha mboga hizi: kazi iliyoanza mwaka 2007 ya kuorodhesha vyakula vya asili kutoka kwa wazee wa jamii mbalimbali, ikiwamo shughuli na wanafunzi wa shule za msingi, iliingizwa na UNESCO mwaka 2021 katika rejista yake ya mifano bora ya kulinda urithi wa utamaduni. Utafiti wa mbegu zake unafanyika pia Arusha, kwenye kituo cha World Vegetable Center. Mboga ambayo miaka ya nyuma iliitwa ya maskini leo inauzwa supamaketi ikiwa imefungwa kwa mpira.

Kwa ghorofani chukueni gunia, au ndoo iliyotobolewa chini, mjaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, muiweke panapopata jua angalau nusu siku. Mbegu ni ndogo kama vumbi, hivyo zichanganywe na mchanga au majivu makavu zisimwagike mahali pamoja, zifunikwe kwa udongo mwembamba na kunyunyiziwa maji taratibu. Miche ikifika urefu wa kidole ihamishwe, ikae mbalimbali. Baada ya wiki nne hadi sita mwanao ataanza kuchuma, naye afundishwe kukata ncha na kuacha shina, ili matawi ya pembeni yachipue na kuchumwa tena wiki inayofuata. Mwonye kuhusu matunda: yakiwa mabichi ya kijani yana sumu, asiyatie mdomoni, na majani yenyewe huliwa yakiwa yamepikwa tu.

Mimea miwili msiichume kabisa. Iacheni izae mpaka matunda yaive na kulegea, myakamue ndani ya bakuli la maji, mbegu zikitua chini mmwage maji ya juu, mzianike kivulini juu ya karatasi kwa siku kadhaa. Zikikauka mpe mwanao bahasha, aandike jina la mboga kwa Kiswahili na kwa Kikisii kama bibi yake atakavyomtajia kwenye simu, na mwezi aliozivuna. Bibi akija tena, ampe nusu arudi nazo.